Kupanga vivuli vya mandhari: mkaa, picha ya simu au brashi moja kwa moja?

Mchoraji_Uyole
Wakuu, salaam. Nachora mlima Loleza na safu yake kutokea mjini Mbeya, kwa akriliki, rangi ya kuzimua kwa maji. Nakubaliana na wanaosema mandhari husimama kwa maumbo ya vivuli kabla ya miti na mabati. Nilipokwama ni njia ya kuyapanga. Wapo wanaoanza na vichoro vidogo vya mkaa, wapo wanaopiga picha kwa simu na kuitoa rangi, na wapo wanaopaka vivuli kwenye kanvasi kwa rangi moja nyepesi, basi. Ipi inalipa kwa mtu anayechorea nje?

Nguzo za Isimila
Mkaa, bila kupepesa. Nenda Isimila, kwenye korongo la nguzo za mawe karibu na Iringa, asubuhi uone mwenyewe. Kila nguzo ina upande uliokosa jua, na kivuli chake kinaangukia nguzo ya jirani, ambayo nayo ina upande wake wa giza. Ukishika penseli utazungushia mstari nguzo moja moja hadi uchoke. Ukilaza kipande cha mkaa ubavu, huwezi kuchora nguzo hata ukitaka. Unapata giza moja lililoungana toka chini ya korongo hadi juu, na mwanga umebaki michirizi tu ndani yake. Umbo hilo ndilo picha yenyewe, mengine ni mapambo. Kichoro kisizidi ukubwa wa kiberiti, toni (viwango vya giza na mwanga) mbili, tatu ukilazimika. Halafu tazama mgawanyo: giza na mwanga vikiwa nusu kwa nusu, picha inalala. Acha kimoja kitawale.

Angalizo: mkaa wa jikoni unakwaruza karatasi. Tafuta vijiti laini vya kuchorea.

Dada wa Mwanjelwa
Kaka, mkaa sawa, ila jua halikusubiri. Mbeya mwezi wa Julai, kwenye ardhi tambarare, saa 2 asubuhi kivuli cha mti kinazidi mara 4 ya urefu wake. Saa 3 ni kama mara 2. Saa 4 kimeuzidi mti kidogo tu. Sasa unapanga kivuli kipi hapo? Mimi napiga picha kwanza, naitoa rangi, nazidisha tofauti ya giza na mwanga mpaka vitu vidogo vipotee, ndipo naona vivuli vimeshikana wapi na vimekatika wapi. Simu inanitunzia saa niliyoichagua.

Na katikati ya Oktoba jua letu linapita utosini, kama saa 6 na nusu hivi. Kivuli chote kinajificha chini ya mti. Saa hizo kaa ule.

Nguzo za Isimila
Simu inakutunzia na uongo pia. Ama inafanya kivuli kuwa cheusi tii, ama hizi za kisasa zinakipandisha mwanga hadi kinakosa uzito. Ndani ya kivuli kuna rangi ambayo jicho linaiona na picha imeitupa. Itumie kwa umbo tu.

Dada wa Mwanjelwa
Umbo ndilo alilouliza.

Mzee wa Tukuyu
Brashi mmeiacha wapi? Nachanganya bluu na kahawia, nazimua hadi iwe kama chai ya rangi, nafinya macho na kupaka vivuli vyote kwa mkupuo kabla ya kitu kingine. Vikishakauka, sivifukuzi tena hata jua lizunguke vipi. Faida yake unapanga kwa ukubwa halisi wa kanvasi. Kichoro cha kiberiti ukikikuza mara nyingi hakibaki kilekile. Hasara ni kwamba akriliki inakauka upesi, huifuti kwa kitambaa kama rangi ya mafuta.

Jambo jingine ni mlima umekaa wapi. Ukitazama mlima Rungwe kutokea Tukuyu, mlima uko kaskazini yako. Juni na Julai jua la asubuhi linatokea kaskazini-mashariki, linapiga makorongo ubavuni, na kila mgongo unatupa kivuli kwenye bonde linalofuata. Vivuli vinashuka mshazari na kukuvuta jicho hadi mashambani. Desemba jua limehamia kusini, linakuwa mgongoni mwako, mlima unaonekana bapa. Loleza nayo iko kaskazini mwa jiji, hesabu ni ileile.

Chai_Mufindi
Shikamoo mzee. Na sisi wa ukungu je? Kuna asubuhi huku hakuna kivuli hata cha kuombea.

Mzee wa Tukuyu
Marahaba, mwanangu. Siku hiyo tumia weusi wa vitu vyenyewe, msitu wa misindano dhidi ya shamba la chai. Kazi ya kuunganisha giza haibadiliki. Usibuni tu kivuli cha jua ambalo halipo, kitaonekana.

Mchoraji_Uyole
Nimewasoma. Kesho nitapiga picha moja ya kushika saa, vichoro vya mkaa palepale, kisha brashi. Ila kivuli cha Loleza kwa mbali nikipe giza kiasi gani? Kikilingana na cha mti wa mbele, mlima unanijia usoni.

Nguzo za Isimila
Kipauke na kielekee bluu. Hewa iliyo katikati yenu ndiyo inayofanya hivyo. Giza zito liweke mbele. Na hicho cha mbele usikikate kingo zote sawasawa. Karibu na shina ukingo ni mkali, ukifika kwenye kivuli cha matawi ya juu umelegea kabisa, maana jua si nukta. Hapo ndipo mkaa unapokusaidia, unaupangusa kwa kidole.

Dada wa Mwanjelwa
Ukishapangusa usishike simu kwa kidole hicho.