Kondoo ananyolewa au ananyonyolewa?

Binti_Ngamiani: Wadau habari za jioni, nina ubishi na mdogo wangu hapa. Tumeangalia video ya wale kondoo wa Australia, merino, wanapitishiwa mashine sufu yote inatoka mpaka kondoo humtambui, dogo anasema kondoo "kanyonyolewa" mimi nasema kanyolewa. Huku Tanga kondoo wetu wana vinywele vifupi tu, hakuna wa kumkata, so sijawahi kusikia watu wanasemaje. Nani yuko sahihi?

MtuWaMgandini: Dogo kachemka. Kunyonyoa ni kwa mkono, unamtia kuku maji ya moto unavuta, unyoya unatoka na shina lake. Mi nauza kuku, nanyonyoa kila siku, sijawahi kunyoa kuku hata mmoja 😂 Kunyoa lazima wembe uwepo, au mkasi, au mashine, na shina linabaki kwenye ngozi. Ndo maana ukiona mwenzio ananyolewa unaambiwa zako tia maji. Kuku naye anatiwa maji ila yeye keshachinjwa.

Mzee wa Pongwe: Mwanangu, Isaya 53:7 kwenye Biblia ya Kiswahili kondoo ananyamaza mbele ya "wakatao manyoya yake". Kukata manyoya, basi. Kunyoa mimi nakusikia zaidi kwa watu, kama mtoto wa majirani zetu Waislamu akifikisha siku ya saba.

sahare_kwetu: Msimuonee dogo jamani. Kuna kondoo wa asili kule visiwani Scotland wanaitwa Soay, hao sufu yao inaachia yenyewe kila mwaka baridi ikiisha, na watu wa visiwa vile walikuwa wanaivuta kwa mikono tu bila mkasi, sasa huyo si kanyonyolewa kabisa? Na ikidondoka bila kuguswa na mtu basi kanyonyoka, kama kuku anayebadilisha manyoya. Merino ndo haiachii, usipomkata inarefuka tu mpaka inamuelemea, kwahiyo kwenye video yenu dada mtu kashinda. Alafu msije mkachanganya sufu na sufi, sufi ni ile ya msufi tunayojazia mito.

Binti_Ngamiani: Shkamoo mzee Pongwe, asanteni wote. Dogo hajakubali, anauliza kuku kishingo je, shingo ile kainyonyoa nani??

MtuWaMgandini: Mwambie kazaliwa hivyo. Na mi nawapenda hao, wananipunguzia kazi.