Tupeane uzoefu: Windows 7 na XP zinapogoma kushika mtandao

Wakuu, habari za leo. Nina steshenari ndogo, na kompyuta inayonilisha ni ya mezani, Windows 7. Juzi iligoma: taa za ruta zinawaka, simu yangu inaperuzi, ila pale chini kulia imekaa pembetatu ya njano. Fundi akataka kupiga Windows upya, nikakataa, kazi za wateja zimo humo. Nikafungua ile skrini nyeusi ya amri (Command Prompt), nikaandika ipconfig, amri ya kuonyesha anwani ya kompyuta kwenye mtandao. Anwani ikaanza na 169.254. Anwani ya namna hiyo, kompyuta hujipa yenyewe ikikosa kupewa na ruta. Nikajaribu ipconfig /release ili iachie anwani hiyo, kisha ipconfig /renew ili iombe mpya, wapi. Nilipobadilisha waya wa mtandao ikapata anwani ya 192.168, ya kutoka kwa ruta, palepale. Ule wa zamani panya walishautafuna nyuma ya meza. Wengine mlikutana na nini?

Mdau, Mbeya:
Mimi ilikuwa saa. Mtandao umeshika kabisa, lakini kila tovuti ya https (zile salama) inaleta onyo la cheti, yaani uthibitisho kwamba tovuti ni yenyewe. Siku mbili nahangaika! Nimebadilisha kivinjari, nimezima antivirasi, nimemlaumu mwenye mtandao bure. Mama mmoja mteja ndiye aliyeniuliza, "Mwanangu, mbona risiti yangu imeandikwa 2009?" Kumbe betri ya kwenye ubao mama, ile bapa CR2032, imekufa, na kila umeme ukikatika tarehe inarudi nyuma. Cheti cha tovuti kina siku ya kuanza na siku ya kwisha. Kompyuta ikiamini tuko 2009, cheti cha mwaka huu kwake hakijaanza kazi. Nikaweka betri mpya, nikapanga tarehe, kila kitu kikafunguka. Naomba sana, kabla hujagusa kingine, tazama saa.

Mdau, Mombasa:
Yangu ni XP, laptopu ya marehemu baba, siitupi. Wi-Fi ilikuwa inaonekana lakini haiingii, kwani ruta ilikuwa kwenye WPA2 (aina ya ulinzi wa Wi-Fi) na XP yangu ilikuwa ya Service Pack 2, yaani fungu la pili la maboresho ya XP. Nilipoweka Service Pack 3, ile ya 2008, ikaingia. Lakini tovuti nyingi bado hazifunguki, maana XP yenyewe haijui TLS 1.2, ule usimbaji ambao tovuti salama hutumia. Na ilikoma kupata masasisho Aprili 2014, basi mambo ya benki msiyafanyie humo, tafadhalini.

Mdau, Dodoma:
Ukitoa antivirasi na mtandao ukapotea nayo, fungua ile skrini nyeusi kwa ruhusa ya msimamizi, andika netsh winsock reset, amri ya kurudisha mipangilio ya mtandao ya Windows ilivyokuwa mwanzo, kisha zima uwashe. Kwangu ilitosha.

Mdau, Mwanza:
Mimi nimeshachelewa, nimekubali ikapigwa Windows 7 upya. Sasa kadi ya mtandao haionekani hata kidogo, na draiva, programu ya kuiendesha hiyo kadi, iko huko huko intaneti.

Mwanzisha mada:
Pole sana ndugu yangu, bado inatibika. Ingia Device Manager (orodha ya vifaa vya kompyuta), bofya mara mbili kile chenye alama ya mshangao, kwenye Details tafuta Hardware Ids. Utaona VEN (mtengenezaji) na DEV (kifaa), kila moja na alama zake nne za tarakimu au herufi. Zitafute kwa simu, pakua draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji, uihamishe kwa waya wa USB. Ukikwama weka hizo namba hapa, nitakuangalizia jioni nikifunga duka.