Mjadala: Kasha (kontena) lipande SGR, reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi, kwa lazima, au mwenye mzigo achague?

Msimamo wangu nauweka mapema: mwenye mzigo aachiwe achague pa kulilipia ushuru na kulitoa kasha lake, Mombasa au Nairobi.

Sipingi reli. Bandari hii ya Mombasa imekuzwa na reli. Biashara ilikuwa ya majahazi kule Bandari ya Kale hadi Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa mwaka 1896, shughuli zikahamia Kilindini penye kina cha kutosha meli kubwa. Mwaka 1901 reli ikafika Kisumu. 1926 gati za kwanza za maji marefu zikawa tayari. Ila reli ile iliuacha mji na kazi yake. Maghala ya Shimanzi, makuli, mawakala wa forodha, wote walikula kwa jasho la bandari.

SGR ya 2017 ilikuja na mpango mwingine: kasha lishushwe melini, lipakiwe kwenye behewa, likalipiwe ushuru Embakasi, Nairobi. Agosti 2019 likatoka agizo kwamba mizigo ya bara ipande treni, utake usitake. Malori yakalala, vibarua wakakosa kazi, watu wakaingia barabarani kuandamana. Mahakama Kuu ya Mombasa ilibatilisha agizo hilo Novemba 2020, na Septemba 2022 Rais Ruto, siku aliyoapishwa, akatangaza kuwa utoaji wa mizigo unarudi Mombasa.

Wanaotetea lazima wana hoja nzito moja: mkopo wa China uliojenga SGR. Mamlaka ya Bandari ilitia saini mkataba na Shirika la Reli, ikaahidi kiwango cha chini cha mzigo kila mwaka. Deni lilipwe, nakubali. Lakini kwa nini alilipe mchukuzi wa Changamwe kwa riziki yake? Waagizaji walikwishaanza kutozwa ada ya reli tangu 2013, wakati huo asilimia 1.5 ya thamani ya mzigo.

Halafu kuna hesabu ya njiani. Treni inaishia kituo cha makasha, Embakasi au Naivasha, haifiki mlangoni pa ghala la mtu. Bado utakodi lori. Na mfanyabiashara wa Kigali akichoka na mizunguko yetu, Dar es Salaam inamngoja.

Anayetaka agizo lirudi anijibu hili: kama treni ni nafuu na ya haraka, mbona inahitaji amri ili ipate mzigo?