Mahindi yanakatwa na jua la Februari: ekari mbili za kichanga nizipangeje?

Mwanakitangari
Wadau, naombeni ushauri. Shamba liko Newala, juu uwandani, ekari mbili, kichanga kitupu. Mahindi yanapandwa katikati ya Desemba, yanastawi, kisha mvua inakata mwishoni mwa Januari yakiwa yanatoa mbelewele. Tunavuna magunzi. Matuta ya kufunga, yale yenye vizuizi katikati vya kuzuia maji, yatasaidia? Nataka chakula cha mwaka mzima, si cha kuuza.

Bwana Mtama
Hesabu siku, ndugu. Mbegu ya siku 100 huchanua karibu siku ya 50 hadi 55, ndiyo Februari yako hiyo. Ndevu zikitoka juani kavu, chavua haishiki, hata mvua ikirudi punje haziji. Mahindi yape nusu ekari tu, mbegu ya muda mfupi kama Situka, upande kwa awamu mbili zilizopishana wiki tatu.

Matuta ya kufunga sikushauri. Yanafaa maji yanapotiririka juu ya ardhi. Kwenye kichanga maji yanazama upesi, kinachokosekana ni cha kuyashika. Chimba mashimo: upana sm 25, kina sm 20, sm 60 toka shimo hadi shimo, sm 90 kati ya mistari. Tia viganja viwili vya samadi iliyooza, changanya na udongo, acha shimo libonyee kidogo. Samadi mbichi huunguza miche. Tandaza nyasi, na mabua msichome jamani!

Nusu ekari nyingine panda mtama wa Macia. Ukame ukija hukunja majani na kusubiri mvua. Adui wake ni ndege, kwa hiyo pandeni wiki moja na majirani. Shamba linaloiva peke yake huliwa lote.

Mama Makopa
Na ekari iliyobaki ni ya muhogo, mwanangu, hiyo ndiyo nguzo ya Newala. Pingili za sm 25, mita moja kwa mita moja, zinaingia 4,000. Balaa liko kwenye mbegu. Ugonjwa wa batobato utauona kwenye majani, lakini ule wa michirizi kahawia hujificha: shina zuri, chini mzizi umeoza. Ng'oa mashina kadhaa ya shamba unalochukulia mbegu, katakata mizizi. Ukikuta madoa ya kahawia, usichukue hata pingili moja. Muhogo aina ya Kiroba huvumilia michirizi hiyo, ila usiuache ardhini kupita mwaka.

Mwanakitangari
Asante mama. Makopa, muhogo wetu mkavu, yanaliwa na wadudu dumuzi kabla ya Desemba. Niyatie kwenye mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa?

Mama Makopa
Ncha za makopa zinaweza kutoboa plastiki ya ndani, hewa ikaingia, dumuzi wakaendelea. Mifuko hiyo tilia mahindi. Muhogo vuna kidogo kidogo, ukaushe wa kula mwezi mmoja au miwili tu. Kabla ya kufunga mahindi, tia kiganja cha punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikigandia chupani, yarudishe juani.