Je, usalama wa taifa ni sababu tosha ya kuwazuia wakimbizi wa nchi nzima?

Mdadisi:
Wanajukwaa, naomba ufafanuzi. Tarehe 27 Januari 2017 Rais Donald Trump alitia saini amri iliyosimamisha mpango wa Marekani wa kupokea wakimbizi kwa siku 120, na kuwazuia Wasyria bila kikomo, kwa hoja ya usalama. Sipingi kwamba kila serikali ina wajibu wa kujua ni nani anayeingia nchini mwake. Ninachouliza ni kama Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unaruhusu hofu hiyo itumike dhidi ya kundi zima, au ni lazima kila mtu apimwe peke yake.

Wakili wa Pembeni:
Ndugu Mdadisi, mkataba haukulifumbia macho suala la usalama. Ibara ya 1F inawanyima hadhi ya ukimbizi watu ambao kuna sababu nzito za kuamini kwamba walitenda uhalifu wa kivita au uhalifu dhidi ya ubinadamu. Ibara ya 33 nayo, baada ya kukataza mkimbizi asirudishwe mahali ambapo maisha au uhuru wake utakuwa hatarini, inamwondolea kinga hiyo yule ambaye kuna sababu za msingi za kumwona kuwa ni hatari kwa nchi aliyomo. Vifungu vyote viwili vinamtazama mtu na mwenendo wake, si uraia wake. Hata hivyo, amri uliyoitaja iliwagusa zaidi watu wanaochaguliwa wakiwa bado ng'ambo ili wahamishiwe nchi ya tatu, na hakuna ibara inayoilazimisha nchi kuwachukua hao. Kisheria Marekani ilikuwa na nafasi pana. Kama ilikuwa busara, hilo ni jambo jingine.

Mlinzi wa Lango:
Mimi nitawatetea kidogo wenye hofu. Mwaka 2011, huko Bowling Green, Kentucky, walikamatwa Wairaki wawili walioingia Marekani kama wakimbizi mwaka 2009. Alama za vidole za mmoja wao zilikuwa kwenye sehemu ya bomu la kutegwa lililopatikana Iraki mwaka 2005, na bado alipita katika mchujo. Anayedai kwamba mchujo huo hauna matundu aanze na kesi hii.

Msomaji wa Zamani:
Kesi hiyo mimi naisoma kinyume, ndugu yangu. Ushahidi ulikuwa tayari mikononi mwa serikali ileile. Kilichokosekana ni kuulinganisha na alama za mwombaji. Ndiyo maana baadaye Wairaki waliokwisha kuingia walichunguzwa upya. Kumzuia mjane wa Aleppo, Syria, kusingeziba tundu hilo.

Hatari iliyo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, iko kambini, nasi tunaizungumzia kidogo mno. Mwaka 1994, katika kambi za Goma nchini Zaire (Kongo ya leo), wanajeshi walioshindwa Rwanda na Interahamwe, wanamgambo wa mauaji ya kimbari, waliishi katikati ya raia, wakadhibiti mgawo wa chakula na kuvuka mpaka kwenda kushambulia. Mkataba wa wakimbizi wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) wa 1969 ulikuwa umekwisha kuagiza kwamba, kwa sababu za usalama, wakimbizi wawekwe mbali kiasi na mpaka wa nchi waliyoikimbia, lakini kambi ya Kibumba ilikuwa karibu kabisa na Rwanda. Kuwatenganisha wenye silaha na raia kulihitaji jeshi, na nchi za kutoa askari hazikupatikana, hata UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ikaishia kuwalipa wanajeshi wa Zaire walinde kambi.