Naomba ushauri: niwaeleweshe vipi wanafunzi jinsi seli inavyojenga protini na sukari?

Habari za majukumu wapendwa. Nafundisha baiolojia, na mada ya usanisi ndani ya seli inanisumbua kila mwaka. Wanafunzi wanaelewa haraka jinsi chakula kinavyovunjwavunjwa, lakini upande wa kujenga wanakwama.

Juzi mmoja aliniuliza kuhusu asidi amino, yaani vipande vidogo vinavyounda protini: "Mwalimu, kama asidi amino zimo tayari ndani ya seli, kwa nini zisijiunge zenyewe?" Swali zuri mno. Nikachukua shanga na uzi, nikawaonyesha ribosomu (kiwanda cha protini ndani ya seli) inavyotunga asidi amino moja baada ya nyingine, na kila zinapoungana mbili inatoka molekuli moja ya maji. Shanga walizipenda sana, ila nishati haikuonekana. Shanga hazidai chochote, wakati seli inalipia kila kiungo cha protini gharama ya karibu ATP 4 (ATP ni molekuli inayobeba nishati ndani ya seli).

Kwenye usanisinuru ndiyo kabisa. Kutoka kaboni dioksidi 6 hadi kupata glukosi moja, mzunguko wa Calvin (hatua ya usanisinuru inayojenga sukari) unatumia ATP 18 na NADPH 12 (molekuli inayobeba elektroni zenye nishati). Wanazikariri hizo namba, wanajibu mtihani, basi. Mimi nataka waelewe kwamba nishati hiyo lazima itoke mahali, iwe kwenye mwanga au kwenye kuvunja molekuli nyingine.

Wenye uzoefu nisaidieni: mnatumia mfano gani, au zoezi gani la darasani? Na je, nianze na vimeng'enya (protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali) au na ATP? Kipindi ni Alhamisi, nitashukuru sana.