Kampuni ya dawa ikilipia elimu ya kisukari, sera anaiandika nani?

Mleta mada, Dar es Salaam

Wakuu, salaam. Novemba 14 iliyopita nilipita viwanjani kwenye maadhimisho ya Siku ya Kisukari Duniani. Mabanda, fulana za bluu, muziki mkubwa, watu wanapimwa sukari bure. Nikapanga foleni, nikatobolewa kidole, nikaambiwa niko salama. Nyuma yangu alikuwepo mama wa makamo, ya kwake ikasoma 17, juu mno. Akaambiwa aende kliniki, apunguze ugali, atembee. Akauliza: "Na hivyo vijiti vya kupimia, nikitaka nijipime nyumbani, ni bei gani?" Kijana aliyekuwa anapima akatabasamu, akamwelekeza kwa mwenzake. Mwenzake akampa kipeperushi. Ninacho hapa mezani. Kina parachichi, kina raba za mazoezi, na nembo za wafadhili zimekula robo ukurasa. Bei haimo.

Hapo ndipo hoja yangu ilipozaliwa. Kampuni ikigawa dawa, ahsante. Lakini daktari anayeongoza kampeni kwa pesa ya mwenye dawa asikae tena kwenye kamati inayoandika mwongozo wa matibabu. Sisemi kala rushwa. Nasema kuna maswali ambayo mtu hayaulizi mbele ya anayemlipia ukumbi.

Tukumbuke tulikotoka. Insulini, dawa ya kuchoma inayoshusha sukari mwilini, iligunduliwa Toronto mwaka 1921, na wagunduzi wakakiuzia chuo kikuu hataza yao, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, kwa dola moja moja, mwaka 1923. Walitaka iwe mali ya watu. Leo sehemu kubwa ya soko la dunia iko mikononi mwa kampuni tatu: Novo Nordisk ya Denmark, Eli Lilly ya Marekani na Sanofi ya Ufaransa. Novo Nordisk hiyohiyo ndiyo iliyoanzisha World Diabetes Foundation, mfuko wa kufadhili miradi ya kisukari, mwaka 2002, na mwaka 2009 ikaanzisha mpango wa watoto wenye kisukari uliofika Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo. Muuzaji, mwalimu na mfadhili ni watu wa ukoo mmoja.

Sasa mwongozo una uzito gani? Mkubwa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi zenye kipato kidogo zitangulize insulini ya kawaida, ile ya binadamu (inayofanana na inayotengenezwa na mwili wetu), kwa kuwa zile mpya za analogi, zilizobadilishwa kidogo maabara, ni ghali na faida yake ya ziada ni ndogo kwa wagonjwa walio wengi. Sentensi moja ya mwongozo ikigeuzwa, bohari ya dawa ya serikali inanunua kitu kingine na bili inapanda. Nawasilisha.

Muuguzi, kliniki ya watoto, Mwanza

Kaka, umeongea vizuri kwa mtu aliyepita njia. Mimi nipo hapa kabla mpango huo wa watoto haujaja. Mtoto analetwa hajitambui, anahema kwa kasi, mdomo unanuka kama tunda lililoiva kupita kiasi, na kadi yake inasema malaria kali. Dripu tatu za kwinini zimeshapita. Hakuna aliyempima sukari kwa sababu kipimo hakikuwepo, na anayekijua hakuwepo. Tuliwazika. Nasema tuliwazika kwa sababu wengine nilikwenda msibani.

Waliotufundisha kutambua ni hao unaowasema, wa semina na nembo. Leo nina watoto wanaojichoma wenyewe asubuhi kabla ya shule. Nyumbani hawana friji, chupa ya insulini inakaa kwenye kopo lenye kifuniko, kopo linakaa ndani ya chungu chenye mchanga uliolowa. Hilo nalo lilifundishwa kwenye semina ya kampuni. Ungeniambia mwaka ule nisubiri pesa isiyo na nembo, ningesubiri hadi lini?

Mchangiaji, Morogoro

Serikali ingekuwa inalipa, huu uzi usingekuwepo. Twende mbele.

Mfamasia, London

Dada yangu wa Mwanza, sina la kukupinga kuhusu watoto. Ila mleta mada hajaota. Huku Uingereza, Machi 2023, chama cha kampuni za dawa chenyewe kiliisimamisha Novo Nordisk uanachama kwa miaka miwili. Sababu? Iligharamia mafunzo ya kudhibiti uzito kwa wahudumu wa afya, na tangazo lake halikueleza wazi kwamba anayelipa ndiye mwenye dawa inayozungumzwa darasani. Wanaosoma ni mafamasia kama mimi. Mtu unatoka na cheti, unajiona umeelimika, na kweli umeelimika, ila kwa upande mmoja. Na hiyo ni nchi yenye wakaguzi.

Mchangiaji, Nairobi

Mnapiga kelele kuhusu insulini na soda mnaiacha? Mwaka 2015 ilifichuka kwamba Coca-Cola ilikuwa inafadhili mtandao wa wanasayansi Marekani, Global Energy Balance Network. Maprofesa wenye majina, ujumbe wao ukiegemea huku: tatizo ni kukosa mazoezi zaidi kuliko unachokula na kunywa. Hawakuhitaji kusema uongo. Walichagua tu kipi kisemwe kwa sauti kubwa. Kabla mwaka haujaisha mtandao ukavunjwa, na Chuo Kikuu cha Colorado kikarudisha dola milioni moja. Kwa hiyo mkiona raba kwenye kipeperushi na soda haipo, mjue mnasomeshwa na nani.

Mleta mada

Dada wa Mwanza, umenishika. Kwenye mafunzo na dawa za watoto narudi nyuma, waendelee. Sikuwa nimefikiria chungu cha mchanga.

Lakini kwenye sera sitoki. Tazama Afrika Kusini mwaka 2024. Novo Nordisk haikuendeleza mkataba wa peni za insulini ya binadamu (sindano zilizokwisha kujazwa dawa) kwa hospitali za umma, ikaeleza kuwa uwezo wake wa kuzalisha umebanwa. Ni kipindi hichohicho dunia nzima inaililia Ozempic, dawa ya kisukari ya kampuni hiyohiyo inayotafutwa pia kwa kupunguza uzito, ambayo nayo inajazwa kwenye peni. Wagonjwa wakarudishwa kwenye chupa na bomba la sindano. Kampuni haikuvunja sheria, ilifanya biashara. Ndiyo maana nataka mezani pawe na mtu ambaye kazi yake ni kuuliza: wakiondoka, tunanunua kwa nani, kwa bei gani, kwa bajeti ipi? Kila mwanakamati atangaze aliyemlipia safari na semina, orodha ibandikwe wazi. Mwenye mgongano wa maslahi aeleze ujuzi wake kisha atoke chumba kikipiga kura.

Muuguzi, Mwanza

Orodha ibandikwe, sina neno. Hata mimi nimo: begi, posho ya siku mbili, chakula cha mchana.

Ila na mimi nina swali kwa hiyo kamati yako safi. Mpango wetu unawabeba hadi miaka 25. Nina kijana alianza na mimi akiwa na tisa, sasa ni fundi pikipiki, ana mtoto mmoja. Machi anafikisha 25. Juzi kaja na daftari lake la vipimo, limejaa, akaniuliza aanze jingine au asubiri.

Nimwambie nini?